Ubatizo mmoja, maji mawili: ugomvi wa Zürich na Marburg ulivyofika sebuleni kwetu

Kikao cha familia kilianza na bei ya ukumbi, kikahamia kwenye idadi ya kreti za soda, kikaishia kwenye maji. Binamu yangu alikuwa anaoa. Ni Mlutheri wa kuzaliwa: alibatizwa akiwa na miezi miwili, akapata kipaimara akiwa kidato cha pili. Mchumba wake anasali kanisa la Kipentekoste, na mchungaji wa huko alikuwa ametuma ujumbe, kwa upole kabisa, kwamba ndoa haitafungwa pale mpaka bwana harusi abatizwe kwa maji mengi.

Shangazi yangu, mama wa bwana harusi, alifungua mkoba akatoa bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuachia. Akakiweka mezani, katikati ya chupa ya chai na sahani ya vitumbua.

"Mwanangu alishabatizwa."

"Mama, hatukatai kwamba alimwagiwa maji," akasema mshenga wa upande wa pili. "Ila alikuwa kichanga, hakuwa ameamini lolote. Yale yalikuwa maji tu."

"Na ya kwenu ni nini, baba? Chai?"

Watu walicheka, kikao kikaahirishwa. Njiani nikirudi nyumbani niliwaza kwamba pale sebuleni hakuna aliyebuni hata hoja moja. Kila kilichosemwa, ukiondoa chai, kilishasemwa mjini Zürich, Uswisi, mwezi Januari 1525. Na kule hakikuishia kwa kicheko.

Tumezoea kusema madhehebu yetu ni kazi ya wamisionari na ramani zao. Ni kweli, kwa kiasi. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri wa Berlin nao wakaanza kazi mwaka huohuo upande wa pili wa Nyanda za Juu Kusini. Wale wa Leipzig wakashika Kilimanjaro kuanzia 1893. Waanglikana wa shirika la misheni la UMCA walikuwa Zanzibar, Magila na Masasi, wenzao wa shirika la CMS wakawa Mombasa, Mpwapwa na Ugogo. Waskoti walijenga Kikuyu. Wasabato wakapanda milima ya Upare mwaka 1903. Mashirika mengi yalikubaliana kutoingiliana, kwa hiyo alipozaliwa babu yako ndipo palipoamua utakuwa nani. Mchaga wa Machame hakukaa chini akapima hoja za Martin Luther dhidi ya za wengine. Alikuta shule, zahanati na kengele, akaingia.

Lakini kila kipande cha ramani hiyo kilikuja na majibu ya maswali ambayo babu hakuyauliza. Alipewa jibu bila swali. Alifundishwa kupiga magoti au kusimama, kumpeleka mtoto kwenye kisima cha ubatizo au kumsubirisha, kusema "Misa" au "Meza ya Bwana". Baada ya vizazi vitatu majibu hayo yamekuwa mazoea, na mazoea ndiyo tunayoyaita "sisi". Swali lenyewe huibuka pale tu watu wa vipande viwili wanapokutana Dar es Salaam au Nairobi na kutaka kuoana.

Turudi Zürich. Huldrych Zwingli, padri aliyegeuka mwanamatengenezo, alikuwa amewafundisha vijana wake kwamba chochote kisichomo katika Maandiko hakina nguvu juu ya Mkristo. Vijana wakamwelewa kuliko alivyotaka. Conrad Grebel na Felix Manz walisoma Agano Jipya wakamuuliza mwalimu wao: mtoto mchanga aliyebatizwa yuko ukurasa gani? Zwingli alijibu kwa agano la Ibrahimu: kama watoto wa Israeli walitahiriwa siku ya nane kabla hawajajua lolote, kwa nini watoto wa waumini wasitiwe alama ya agano jipya? Vijana hawakuridhika. Mwezi ule wa Januari 1525, ndani ya nyumba ya mtu, Grebel alimbatiza Georg Blaurock, mtu mzima aliyekwisha kubatizwa utotoni, na Blaurock akawabatiza wengine. Wapinzani wao wakawaita Waanabaptisti, yaani wabatizaji wa mara ya pili. Wenyewe walilikataa jina hilo, kwa hoja ileile ya mshenga wetu: hatukurudia kitu, kwa sababu mara ya kwanza hakikutendeka kitu.

Baraza la mji lilijibu kwa amri kwamba atakayebatiza tena atazamishwa. Tarehe 5 Januari 1527 Felix Manz alifungwa mikono, ikapitishwa magotini na kuzuiwa kwa kijiti, akatupwa katika mto Limmat. Heinrich Bullinger, aliyemrithi Zwingli na ambaye hakuwapenda Waanabaptisti hata kidogo, ameandika kwamba mama yake Manz alikuwepo, akimhimiza mwanawe asimame imara.

Kwa nini waliuana kwa ajili ya maji? Kwa sababu ubatizo wa watoto wakati ule ulikuwa pia daftari la raia. Kila aliyezaliwa mjini alibatizwa, na kila aliyebatizwa alikuwa chini ya kanisa na serikali kwa pamoja. Aliyesema "nitabatizwa nitakapoamini" alikuwa anasema kwamba kanisa ni kundi la waliochagua kuingia, na kwamba unaweza kuwa raia bila kuwa mshirika. Leo hilo tunaliona la kawaida mno. Wakati ule lilisikika kama uhaini.

Luther naye aliupinga ubatizo wa pili, ila kwa njia yake. Kwake ubatizo ni tendo la Mungu juu ya mtu, wala si tangazo la mtu kuhusu imani yake. Imani hupanda na kushuka. Ukiifanya kuwa msingi wa ubatizo utabatizwa kila baada ya wiki ngumu. Alipobanwa na mashaka alijiambia: nimebatizwa. Basi. Shangazi hajawahi kusoma maandishi hayo, lakini ile bahasha ya kaki inasema kitu hichohicho. Cheti hakithibitishi kwamba mwanawe aliamini akiwa na miezi miwili. Kinathibitisha kwamba kuna jambo alitendewa, lina tarehe, na halifutiki.

Wapentekoste hawakutoka moja kwa moja kwa Manz. Wao ni wa mwanzo wa karne ya 20, na jibu lao kuhusu maji lilipitia kwa Wabaptisti. Uzao halisi wa vijana wa Zürich uko kimya zaidi, na uko kwetu: Kanisa la Mennonite, lililoanzia Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934, kwa kazi ya Wamennonite wa Pennsylvania ambao mababu zao walikimbilia Marekani kutoka mabonde ya Uswisi na Ujerumani. Mtu wa Shirati akipanda basi kwenda Moshi anasafiri kati ya pande mbili za ugomvi wenye miaka 500, na hakuna kondakta anayemuuliza.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa neno moja. Oktoba 1529 Luther na Zwingli walikutanishwa katika ngome ya Marburg, Ujerumani, na mtawala Philip wa Hesse, aliyehitaji Waprotestanti waungane ili wasimezwe na majeshi ya Kaizari. Luther alichukua chaki akaandika juu ya meza kwa Kilatini: *Hoc est corpus meum*. Huu ni mwili wangu. Akalifunika andiko kwa kitambaa. Kila Zwingli alipojenga hoja, Luther alirudi kwenye chaki yake. Wote wawili walikataa mafundisho ya Roma kuhusu mkate kugeuka, lakini Luther alishikilia kwamba Kristo yupo kweli ndani ya mkate huo, pamoja nao na chini yake. Zwingli alisema "ni" hapo maana yake "huashiria". Walikubaliana hoja 14 kati ya 15. Ile moja iliyobaki, tena sehemu yake tu, iliwatenganisha, na Luther akawaambia wa upande wa pili kwamba roho yao na yake si moja.

Hapa Kiswahili kina la kusema. Biblia yetu ya Union, iliyotoka mwaka 1952, haikuandika "huu ni mwili wangu" bali "huu *ndio* mwili wangu". Tofauti hiyo kila mzungumzaji anaijua bila kufundishwa. "Huyu ni mwalimu" ni taarifa. "Huyu ndiye mwalimu" ni kidole kinachoonyesha: ni huyu, si mwingine. Luther angekipata Kiswahili pale mezani, angeongeza chaki. Ila asifurahi mapema, maana Biblia hiyohiyo, Yohana 15, inasema "Mimi *ndimi* mzabibu wa kweli", na hakuna muumini aliyewahi kumtazamia Yesu atoe majani. Na andiko alilolipenda Zwingli kuliko yote, Yohana 6:63, nalo linatumia silaha ileile: "Roho *ndiyo* itiayo uzima, mwili haufai kitu." Isitoshe, Kiaramu, lugha ambayo yaelekea Yesu aliitumia usiku ule, huweza kusema sentensi kama hiyo bila "ni" yoyote. Walioachana kwa ajili ya "ni" waliachana kwa neno ambalo huenda halikutamkwa.

Ukitaka kujua kanisa lako linasimama na nani kati ya wale wawili, usisome katiba yake. Tazama kinachofanyika kwa mabaki. Niliwahi kukaa viti vya nyuma katika kanisa moja la kiroho jijini, ibada imekwisha, nikamwona mzee wa kanisa akimimina juisi ya zabibu iliyobaki kurudi kwenye chupa, vikombe vidogo vya plastiki kimoja baada ya kingine, akafunga kizibo na kuirudisha kabatini. Hakuwa na dharau hata chembe. Kwake kazi ya ile juisi ilikuwa imekwisha. Na nimewahi kumtazama padri wa Kianglikana wa mapokeo ya Unguja akitia maji ndani ya kikombe kilichokwisha kunywewa, akakizungusha taratibu, akayanywa yale maji, akakifuta, ili lisibaki tone la kumwagika. Mikono ya wale wawili inaeleza Marburg vizuri kuliko vitabu.

Lakini huyo padri ni Mwanglikana, na Uanglikana ndio mfano wangu ninaoupenda katika habari hii yote, kwa sababu ugomvi huo uliwahi kulipuka hapa kwetu mpaka London ikatikisika. Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana kwenye misheni ya Waskoti huko Kikuyu, Kenya: Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission na wengineo. Walikuwa wakipanga shirikisho, ili Mkristo akihama kutoka eneo la misheni moja kwenda la nyingine asionekane mgeni. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Kipresbiteri, na wasio Waanglikana wakapokea.

Habari zilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson. Shtaka lilikuwa la uzushi na mfarakano. Kwa Weston kanisa bila maaskofu waliopokezana mikono tangu mitume si kanisa kamili, na meza ya Bwana haiwi meza ya wageni wote. Magazeti ya Uingereza yalijaa barua. Jina Kikuyu, ambalo wasomaji wengi wa kule hawakuwahi kulisikia, likawa jina la kesi. Davidson aliipeleka kwa jopo la washauri, na jibu lilipotoka mwaka 1915 lilikuwa la uangalifu kiasi kwamba watu walitania: ibada ile ilimpendeza sana Mungu, na isirudiwe kamwe.

Ni rahisi kumwona Weston kama mtu wa kung'ang'ania kanuni. Nami nilimwona hivyo, mpaka nilipojua mengine aliyoyafanya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliongoza mwenyewe wapagazi wa Zanzibar bara. Mwaka 1920 aliandika dhidi ya kazi za kulazimishwa walizotwishwa Waafrika chini ya utawala wa Waingereza, Waingereza wenzake. Na mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa London, aliwaambia waumini wa mrengo wake kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu ndani ya tabenakulo, kile kisanduku cha mkate uliowekwa wakfu, kama hawamhurumii Yesu kwenye vitongoji vya maskini. Kwake ile "ndio" ilikuwa na uzito mpaka nje ya mlango: kama Kristo yupo kweli ndani ya kitu kinachoshikika, basi miili ya watu si jambo dogo. Unaweza kumkatalia hoja ya maaskofu, kama ninavyomkatalia, na bado ukaona kwamba hakuwa anagombea mavazi.

Kanisa lake kuu bado lipo Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Ukitoka hapo ukaenda Dodoma, kwa Waanglikana wa Dayosisi ya Central Tanganyika iliyoanzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers na kukuzwa na CMS ya Australia, utashangaa. Unguja kuna ubani na padri. Dodoma kuna mchungaji na mahubiri marefu. Ni kanisa moja, jimbo moja tangu 1970, askofu mkuu mmoja, na Marburg imepita katikati yake. Linaishi hivyo. Mimi naona hilo ni jambo la kutazamwa kwa makini kuliko mikutano mingi ya umoja.

Kikuyu nayo haikwenda bure. Mwaka 1918 mkutano ulirudiwa, Weston mwenyewe akahudhuria, na ukazaliwa muungano wa misheni ambao jina lake bado linasomeka kwenye geti la Alliance High School, iliyofunguliwa palepale Kikuyu mwaka 1926. Walioshindwa kula meza moja waliweza kufundisha darasa moja.

Kuna swali la tatu, na hili halihitaji harusi ili liulizwe. Unaulizwa kwenye daladala: "Ndugu, umeokoka?" Mlutheri wa zamani huganda kidogo. Ajibu nini? Ameokolewa, anaamini hivyo, ila hana tarehe.

Tarehe ni urithi wa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, na waliomtangulia. Mwaka 1736, akisafiri kwa meli kwenda Amerika, dhoruba ilichana tanga kuu. Waingereza wakapiga mayowe, kundi la Wamoravian wa Ujerumani likaendelea kuimba zaburi. Wesley, kasisi wa Kianglikana, alijiona hana walichokuwa nacho. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Mei 1738, kwenye mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, London, mtu akisoma utangulizi wa Luther kwa Waraka wa Warumi, alihisi moyo wake umepata joto lisilo la kawaida. Aliandika hata saa: kama saa tatu kasorobo usiku. Ukisikiliza ushuhuda wowote wa mlokole utaisikia ile saa tatu kasorobo: "Ilikuwa Alhamisi, nikiwa jikoni…"

Neno mlokole lenyewe lilitujia kutoka Uganda, kwa *balokole* wa Kiganda, waliookoka, pamoja na uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kusali pamoja Namirembe mwaka 1929. Uamsho huo ulivuka ziwa na mipaka, ukaingia kwa Waanglikana na Walutheri wa Kagera, na wengi wao hawakuhama makanisa yao. Ndiyo maana leo unaweza kumkuta Mlutheri mwenye cheti cha ubatizo *na* tarehe ya kuokoka, akiwa hajui amchague Luther au Wesley, na wala haimsumbui.

Aliyeokoka anaweza kupotea? Juu ya hilo Waholanzi walikaa Dordrecht miezi zaidi ya sita, 1618 hadi 1619. Sinodi ikawahukumu wafuasi wa Jacobus Arminius, ikasema aliyeteuliwa na Mungu hatapotea milele. Wapresbiteri wa Kenya wako upande huo, kwa maandishi angalau. Lakini kila mhubiri anayewaita mbele "waliorudi nyuma" waanze upya anahubiri Arminius, na kwa wingi wa miito hiyo Jumapili, aliyeshindwa Dordrecht ameshinda Manzese na Kawangware.

Waliorithi ugomvi rasmi wamejitahidi kuumaliza. Walutheri na Wareformed wa Ulaya, yaani warithi wa Zwingli na wenzake, walifutiana hukumu za zamani huko Leuenberg, Uswisi, mwaka 1973. Mwaka 2010, Stuttgart, Shirikisho la Walutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake, liliwaomba Wamennonite msamaha kwa mateso ya Waanabaptisti. Wamennonite walisamehe. Kilichobaki ni maji yenyewe, maana msamaha haukusema nani alikuwa sahihi kuhusu kichanga.

Binamu yangu aliamua mwenyewe, bila kikao. Jumamosi moja asubuhi tulikuwa ufukweni, wanane wa kubatizwa wakiwa wamevaa kanzu nyeupe, mawimbi madogo. Sikutegemea kumwona Shangazi. Alikuja, ameshika viatu mkononi, khanga imekunjwa hadi magotini, taulo begani. Walipoanza kuimba tenzi aliitikia sauti ya pili, maana tenzi ni zilezile. Mwanawe akazamishwa, akaibuka akikohoa. Mshenga akasogea karibu, uso umejaa furaha.

"Kwa hiyo mama, umekubali?"

"Nimekubali nini? Nimeleta taulo. Mtoto anaoga."